Miaka 6 ya fakitire: kisa ya ede-kontable moja wa Kampemba

Kijana eko na gradua ya kontabilite, eko na miaka 6 mu kampuni moja ya sutretansi (inafanyia makampuni makubwa kazi) pale Kampemba upande wa viwanda, hakosaka ku kazi bila sababu, haibake, na mwezi wa 9 shefu kontable wao anapata kazi ku Kolwezi anaenda, ile nafasi banaipatia mutu wa inje. Mutu mwenyewe ni mwanamuke, mudogo kwake kwa miaka, na lisansi mu mukono. Njo kisa yote. Alikuja kwangu na hasira juu mimi natengenezaka bitabu bya makampuni madogo madogo na tunajuana toka Katuba, ananiitaka yaya hata kama hatukuzaliwa nyumba moja, na swali yake ilikuwa fupi: yaya, hii kazi ya ede-kontable, ya kusaidia kontable, iko na mbele, ao napoteza tu miaka?

Mu Lubumbashi kila mutu eko na jibu tayari ya kisa kama hii: piston. Ule dada ni ndugu ya patron, ao ni wa kwao, ao kuko kintu nyuma. Sikatai, hayo mambo iko mu mji wetu na kila mutu anaijua. Ila piston ni jibu yenye inakuachaka pale pale ulikuwa, hata kama ni kweli huwezi kufanya kitu nayo kesho asubui. Nikamuambia tuiweke kwanza pembeni, kamata karatasi, andika kazi yenye unafanyaka toka kazi moja mpaka siku ya posho, yote, hata ile ya kupeleka barua.

Akaandika. Fakitire ya furniseri inafika, anaangalia kama bono ya komande iko, kama bono ya livrezo iko na sinyatire ya mutu wa depo, anarudilia hesabu, anapiga kashe na tarehe, anaweka numero, anaingia mu Sage Saari, programu ya kontabilite: konti 60 ya manunuzi ku debiti, 445 ya TVA (kodi yenye inaongezwa ku bei) ku debiti, 401 ya bafurniseri ku krediti. Anatia mu klaseri. Ingine inafika. Katikati ya hapo kuko fotokopi, kuko kese ndogo ya mafuta ya gari na maji ya kunywa, kuko kukimbia ku banki kupeleka ordre ya virema. Basi. Nusu ukurasa ilitosha.

Nikamuuliza, TVA ya mwezi nani anatengenezaka? Shefu. Mishahara? Shefu. Raproshema ya banki, ile ya kulinganisha releve na bitabu? Shefu. Karibu tarehe 10 ya kila mwezi shefu alikuwa anafunga mulango, juu deklarasio ya TVA inapashwa kufika ku DGI, ofisi ya kodi, mbele ya tarehe 15, na kijana yeye alikuwa anasikia paka imprimante nyuma ya mulango. Deklarasio ya mwaka, yenye inaendaka ku DGI mwisho tarehe 30 mwezi wa 4, alikuwa anaiona ikishafungwa mu farde, tayari kutumwa. Kwa hiyo mutu eko na miaka 6 ya kontabilite ku sivi yake, lakini ukipima vizuri eko na mwezi moja yenye ilirudiliwa mara 72.

Na hapo njo kukatoka kile hakuwa anataka kusema. Mbele ya kuja kwangu alishaenda kufanya testi mu kampuni ingine kubwa kidogo. Banabaweka mu sale, banabagawia karatasi mbili: releve ya banki, na konti 521 ya kampuni, ile ya banki mu bitabu, tafuta juu ya nini hazilingani. Nyuma yake swali ya mushahara, utoe CNSS, ile ya pansio, na zile zingine. Ile ya CNSS alijaza nusu, 5% yenye inakatwa ku mutumishi aliijua juu anaionaka ku fishi yake ya mushahara kila mwisho wa mwezi, ila 13% ya patron hakuijua, na INPP, ile ya kufundisha bafanyakazi, yenye ni 3% kwa kampuni yenye haipiti bantu 50 hakuiweka hata kidogo. Ile ya banki aliacha karibu nyeupe.

Nilitaka kuona mwenyewe anakwamaka wapi, basi nikamutengenezea zoezi ya namna moja, ndogo. Bitabu byetu binasema banki iko na dola 14 250, releve inasema 8 825. Kitu ya kwanza, alichanganyikiwa juu releve ilikuwa inaonyesha feza yetu ku krediti na sisi tunaiwekaka ku debiti. Hiyo inapigaka kila mutu wa mwanzo: releve ni kitabu ya banki, haiko yetu, feza yako kwake ni deni, anakudai hapana, wewe njo unamudai. Akishika hiyo anaendelea. Tofauti ni 5 425. Dola 25 akaziona haraka, ni frais ya kushika konti, banki imekata na sisi hatuna habari. Inabakia 5 400. Na hapa akaanza kutafuta mustari moja wenye iko na 5 400, anapitisha kalamu mustari kwa mustari, juu, chini, anarudilia tena. Hakuna. Anaanza kujumlisha mbili mbili. Hakuna. Nilimuacha mpaka chai ikapoa.

Kisha nikamuambia, gawanya na 9. Inatoka 600, bila kitu kubakia. Wakati tofauti inagawanyika na 9 namna hiyo, kitu ya kwanza ya kushuku ni kama mutu aligeuza tarakimu, juu ukigeuza tarakimu mbili zenye zinafuatana tofauti inakuwaka kila mara ya 9, haiko ushahidi lakini inakuonyesha pa kuanzia. Akarudi ku mistari, safari hii haangalie 5 400 tena, anaangalia hesabu zenye zinafanana. Dakika chache: virema ya kliya, banki inasema 1 700, sisi tuliandika 7 100. Alicheka kisha akakasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya maana kuliko ile ya kwanza. Akasema, yaya, miaka 6 hakuna hata mutu moja aliniambia hii.

Sasa kosa ni ya nani? Mimi naonaka inagawanyika, na haigawanyike sawasawa. Ule shefu wa zamani eko na sehemu yake. Mishahara kweli ni siri, hakuna mutu anafungulia ede-kontable fishi ya mishahara ya bakubwa, hiyo naelewa. Ila raproshema ya banki haiko siri, na kuko bashefu benye banashikaka kazi ya kila mutu ku kifua juu banaogopa siku wa chini akijua, patron atauliza juu ya nini analipa mutu wa bei kali. Kampuni nayo eko na yake: ku kontra ya kijana banaandika "agent administratif", neno kontable haipo hata mara moja. Hiyo karatasi njo itatoa atestasio yake siku anaenda. Angekuwa mudogo wangu wa damu ningemupigia kelele juu ya hiyo kontra toka mwaka wa kwanza.

Lakini sehemu kubwa, na nilimuambia bila kuzunguka, ni yake. Saa 9 na nusu inafika anafunga ordinatere. Excel anaijua ya kujumlisha tu. Balance ya kampuni, ile listi ya konti zote na kiasi yake, yenye iko mu programu yenye yeye mwenyewe anaifungua kila asubui, hakuwahi kuiprenta hata siku moja aiangalie. Aliomba kupandishwa mara kazaa, hakuomba hata mara moja kupewa kazi ingine. Patron alipopashwa kuchagua, aliangalia nani anaweza kupeleka TVA mwezi wenye unakuja, na jibu haikuwa yeye. Piston iwe kuko ao hakuko.

Hapa inafaa kusema kidogo juu ya soko ya kazi yenyewe, juu kuko bantu banasemaka kontabilite imekufa, machine itafanya yote. Ile ya kuingiza fakitire ndiyo, inapunguka. Programu za sasa zinavutaka releve ya banki zenyewe, na DGI inasukuma fakitire normalize yenye inapita mu mashini ya kodi, kwa hiyo ile habari itakuwa inafika tayari imeshaandikwa. Mutu mwenye kazi yake yote ni vidole ku klavye anapashwa kuogopa. Ila angalia upande mwingine. Toka sheria ya sutretansi ya 2017, kazi za sutretansi zinawekwa kwa makampuni yenye kapitali yake kubwa ni ya Bakongomani, na huku kwetu, Likasi, Kolwezi, kukatoka makampuni madogo mengi ya kusafirisha, ya chakula ya bafanyakazi, ya ulinzi, ya kulehemu. Kampuni kubwa ya mgodi haikulipi bila karatasi zako za kodi na za CNSS kuwa sawa. Kila moja ya haya makampuni inatafuta mutu moja, haiko watano, mutu moja mwenye anaweza kubeba dosie yote toka fakitire mpaka deklarasio, na kabine ya kontabilite ya inje inakuja mwisho wa mwaka kufunga bitabu. Huyo mutu hapatikanake kirahisi. Benye gradua beko wengi, benye banaweza kubeba mwezi moja peke yao beko kidogo.

Na kitabu ya kontabilite yenye unasoma iko moja. Kongo iliingia mu OHADA, ile ya nchi za Afrika zenye ziko na sheria moja ya biashara, 2012, tukaacha ile plan yetu ya kontabilite ya 1976, na toka 2018 tuko ku SYSCOHADA, plan ya OHADA, yenye ilirekebishwa, ile ile ya Abidjan na Douala na Brazzaville, nchi 17. Siseme utaenda kutafuta kazi ku Douala. Na batoto ya huku banadanganyikaka, banaona Kasumbalesa iko karibu banasema nitavuka niende Ndola: Zambia haiko mu OHADA, bitabu byao biko vingine na kizungu yao ni ya Waingereza. Ukitaka upande huo ni masomo ingine kabisa. Juu zaidi kuko ngazi ya eksperi-kontable, Ordre yao iliundwa na sheria ya 2015, njia ni ndefu na inaomba stazhi ya kweli, kijana wetu hayuko pale na hakuniuliza.

Turudi kwake, juu hapo njo shida ilianza kuwa ngumu. Alikuwa na kazi mbili mezani. Moja, kesie ku depo kubwa ya Kolwezi, dola 600 na chumba ya kulala. Ya pili, kampuni ndogo ya malori yenye inapita barabara ya Kasumbalesa, dola 400, kontable peke yake, na kabine ya kumusaidia. Pale alipo anakamata 350. Mama yake anauzisha unga ku soko ya Kenya, huku huku Lubumbashi, mudogo wake eko ku iniversite, UNILU, na kuko mambo ya dot, familia ya bibi arusi walishatoa listi. Mwenye anasema 600 na 400 ni sawa hajawahi kulipa dot.

Mimi nilikuwa upande wa malori, na nilimupa sababu zangu. Kesie ni konti moja, 571 ya kese, utaijua sawa kitanda yako na kando yake hutajua kingine. Kese ikikosa dola 80 jioni, ni mushahara wako. Na hapa kwetu kuko ile adabu ya dola: noti ikipasuka kidogo ku pembe, ao ikiwa na alama ya kalamu, hakuna mutu anaikubali, na mwenye anabakiaka nayo ni kesie, juu yeye njo aliipokea bila kuangalia. Miaka mbili inapita, unatafuta kazi, sivi inasema kesie, banakuitia kazi ya kesie. Ku malori utateseka, utalala saa 5 ya usiku tarehe 14, utakosea, lakini kila mwezi unagusa 401, 411, 42, 43, 44, 521, ni kusema bafurniseri, bakliya, bafanyakazi, CNSS, kodi, banki, zote. Ile dola 200 ya tofauti ni bei ya shule yenye hakuna ISC, zile shule za juu za biashara, itakupatia, na nilimuambia pia kwamba haiko mimi nitalipa unga ya mama yake, kwa hiyo akichagua Kolwezi sitamuchukia.

Hakuchagua hata moja, si hapo hapo. Alifanya kitu yenye sikumushauri, na ilikuwa ya akili kuliko zangu. Testi ya malori ilikuwa ya mwezi wa 2, basi kwanza alirudi ku kazi, akaenda kwa ule shefu mupya, ule mwenye alikuwa anamuita nyuma ya mugongo "mutoto wa lisansi", akamuambia, Madame, kama haikusumbui, niachie raproshema ya banki ya mwezi huu nijaribu, wewe utakontrole. Madame akamuangalia, akasema toka nifike hapa hakuna mutu aliniomba kazi, munaombaka paka avansi. Akamupa banki mbili, ya dola na ya franka.

Kumbe Madame mwenyewe alikuwa anazama. Alikuta banki haijalinganishwa toka miezi, frais za banki hazikuandikwa, sheki moja ya furniseri imekaa pale haijaenda kuchukuliwa toka mwaka mwingine. Ya franka ilikuwa mbaya zaidi, juu fakitire zinakuja mu dola, bitabu tunashikaka mu franka kwa sheria, na to ya shanje yenye waliandika siku ya fakitire haiko to ya siku ya kulipa, ile tofauti inapashwa kwenda ku faida ao hasara ya shanje, kwao ilikuwa inaelea tu. Kijana alipomaliza banki, Madame akamusukuma ku letraje ya 401, kila fakitire na malipo yake. Na pale, furniseri moja wa mapneu alikuwa amelipwa mara mbili. Proforma, ile karatasi ya bei ya mbele ya kununua, iliingia kama fakitire, kisha fakitire ya kweli nayo ikaingia, kila moja na kashe yake nzuri, tarehe, numero. Aliangalia nani aliingiza. Ilikuwa yeye, zote mbili, na wiki tatu tu katikati. Mu miaka 6 kama angekuwa anafanya letraje angeiona kwa dakika tano, lakini mwenye anaingiza bila kulinganisha hawezi kuona kosa yake, ataona tu klaseri yenye inajaa. Alienda kumuambia Madame mwenyewe. Furniseri alikubali kukata ile feza ku komande yenye ilifuata.

Mbele ya kwenda aliomba barua, na hapa nilisaidia kidogo. Sheria ya kazi ya 2002 inadai patron akupe karatasi ya mwisho wa kazi, lakini ile karatasi ingesema paka "agent administratif". Basi akamuomba Madame aandike kando barua yenye inataja kazi yenyewe: kulinganisha banki, letraje ya bafurniseri, kutayarisha TVA. Madame akasinya bila shida. Ile miezi michache chini yake ilijaza barua kuliko miaka yote ya mbele.

Testi ya malori ilikuwa ya TVA. Mauzo dola 20 000, TVA 16% ni 3 200. Manunuzi 12 500, TVA 2 000. Mutu wa haraka anatoa 2 000 ku 3 200, anaandika 1 200 ya kulipa, anarudisha karatasi. Ila mu zile fakitire za kununua moja haikuwa na numero ya kodi ya muuzaji, kwa hiyo TVA yake hauwezi kuirudisha, na hesabu inapanda. Yeye miaka 6 alikuwa anaangaliaka mafakitire, jicho ilikuwa imezoea, aliiona mbele ya kuanza kuhesabu. Walimukamata. Kwa hiyo siseme ile miaka ilikuwa bure, siku kazi ya juu ilikuja ile ya chini ikamusaidia.

Sasa eko pale, dola 400, akalia buro yenye iko nyuma ya parking ya malori, vumbi juu ya imprimante. Mishahara ya bashofere inamusumbua juu ya mafrais ya njia, nani alikula ngapi ku barriere na risiti iko wapi, madereva banaleta karatasi zenye hazisomeke. TVA ameshapeleka mara kazaa na haijapita tarehe. Bilani hawezi bado peke yake, kabine njo itamushika mukono.

Kolwezi nayo haijanyamaza. Walimupigia tena, sasa banasema 700 na chumba, na dot haijaisha. Akanitumia audio ndefu ya usiku, anahesabu, anasema yaya fikiria nawe. Nikamujibu afunge kwanza mwaka, apeleke ile ya 30 mwezi wa 4, kisha kama Kolwezi iko mu roho aende, lakini aandike barua ya kuomba kazi ya kontabilite, ile ya kese aiachie mutu mwingine.